Namba Hii Ni Yangu: Mama Jogoo na Laini ya Bei Chee

Giza bado limekaa uani. Bomba linadondosha tone moja moja ndani ya ndoo ya mtu aliyesahau kuitoa. Jikoni, juu ya kigoda, ameketi mwanamke mwenye shuka mabegani na simu kwenye kiganja. Macho kayafumba, midomo inacheza bila sauti. Anasali. Akimaliza anakohoa mara moja kusafisha koo, halafu anapiga.

Simu inaita mpaka inakaribia kukata tamaa. Inapokelewa na mguno.

"Umeamka?"

"Nimeamka."

"Umekaa au umelala?"

"Nimekaa, Mama Jogoo."

"Muongo. Hiyo ni sauti ya mtu aliyezama kwenye mto. Shusha miguu."

Kwa mbali kitanda kinalia.

"Nimeshusha."

"Sasa kafungue maji niyasikie."

Mpaka maji yasikike, hakati. Huyo alikuwa nesi wa zamu ya asubuhi. Anayefuata anaitwa Tanuri, kwa sababu alikuwa mchoma mikate. Siku hizi anabeba magunia ya unga katika kiwanda kilekile cha mikate, na kisa cha kuondolewa motoni na kupelekwa ghalani kinatokana na simu ambayo siku moja haikulia.

"Tanuri, kumekucha."

"Kumekucha wapi? Kwenu?"

"Kwa kila mtu isipokuwa wewe."

"Nipe dakika mbili tu, mama."

"Dakika mbili zako nazijua, zina watoto na wajukuu. Inuka."

Hii ndiyo kazi yake: anaamsha watu. Hana kibao, hana sare, hana ofisi. Ana simu moja ya vibonyezo, sauti nzito kidogo, na subira ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasiotaka kuongea naye. Wateja wake wanapita hamsini. Kuna manesi, waokaji, madereva wa malori, wafagia barabara, na mwalimu mmoja anayekaa mbali na shule yake. Kila mmoja humlipa bei ya mkate mmoja kwa wiki.

Wengi wao hajapata kuwaona. "Nikikutana nao njiani napita kama jiwe," anasema. "Lakini mtu akifungua mdomo tu, namjua, na kazini kwake napajua."

Wapo wanaomcheka. Simu si ina kengele yake, wanamwambia, nani atamlipa mtu mzima amwamshe?

"Kengele unaizima, unageukia ukutani, na wala haikuulizi kitu," anajibu. "Mimi ukinizima napiga tena. Ukinizima tena, nakuuliza mama yako alikulea kwa ajili ya nini."

Kazi yenyewe aliianza bila kujua kuwa anaianza. Kwa miaka mingi alikuwa msafishaji katika bweni la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alifika kabla ya wote, akapiga deki korido nzima, na kwa kila mlango wa mtu ambaye zamu yake imekaribia aligonga kwa mpini wa fagio. Hakuna aliyemtuma. Alimwona kijana mmoja akifukuzwa kwa kuchelewa, akasema moyoni kwamba yeye yuko macho tayari, kugonga kunamgharimu nini.

Mumewe alifariki angali anafanya kazi hapo. Alirudi bwenini matanga yalipokwisha na kugonga milango ileile. Kisha bweni likafungwa, watu wakatawanyika, naye akabaki nyumbani na mama mkwe wake, mabinti wawili wakiwa wameshaolewa mbali.

Wiki haikuisha kabla mmoja wa wale wa bweni hajamtafuta. "Mama, tangu tuhame sijafika kazini kwa wakati hata siku moja. Nipigie tu, nitakulipa." Akampigia. Yule akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia dada yake. Kwenye simu zao walimwandika Jogoo.

"Mwanzoni lilinichoma," anasema. "Nikajiuliza, mimi na upole wangu wote, jogoo? Baadaye nikaona, ndiye kiumbe pekee anayepiga kelele alfajiri na watu wasimtukane. Nikalipokea jina."

Biashara ya kuamsha watu ina adui mmoja, naye ni salio. Kupiga simu zote hizo kwenye mtandao mkubwa kulimla karibu nusu ya alichopata. Ndipo yalipotokea matangazo mapya kwenye nguzo za umeme. Kampuni changa, bei chee, na kwa maandishi makubwa kuliko yote: simu za alfajiri bure mpaka jua litoke.

"Nilisimama pale kwenye nguzo nikasoma mara mbili," anasema. "Nikasema, Mungu wangu, hawa wamenifikiria mimi."

Kampuni hiyo haikuwa na ofisi mtaani. Ilikuwa na miavuli. Chini ya mmojawapo, karibu na soko, alisimama mwanamume mcheshi mwenye maneno matamu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwavuli. Alichukua kitambulisho cha Mama Jogoo, akajaza alichojaza, akamwambia aweke kidole gumba kwenye kimashine.

Kimashine kikakataa. Akakifuta kidole kwenye gauni, akaweka tena. Kikakataa. Dawa kali za sakafu za miaka yote ile zilikuwa zimeisugua mistari ya kidole mpaka kikabaki kitupu kama kipande cha sabuni iliyotumika.

"Nyuma yangu foleni inaguna," anakumbuka. "Akaniambia, 'Usipate taabu mama yangu, kidole ni kidole. Tuweke changu, siku yoyote utapita tubadilishe.' Nikaona ni wema. Nikamshukuru, tena kwa mikono miwili."

Nyumbani, mama mkwe wake aliipokea habari hiyo akiwa anachambua mchele. Ni mwanamke mzee, mwembamba, mwenye ulimi usiojua kupumzika.

"Wamekupa karatasi yoyote?"

"Karatasi ya nini, mama? Ni bure."

"Ndiyo maana nauliza."

Miezi ya mwanzo ilikuwa asali. Wateja walipanda wakapita sabini. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe, Mama Jogoo alibadilisha bati lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha mama mkwe. Wateja nao walizoea jambo moja ambalo baadaye lilikuja kuwa kiini cha ugomvi wote: wakilala, walizitia simu zao kimya kwa kila mtu, isipokuwa namba ya Jogoo. Bosi akipiga, kimya. Mdai akipiga, kimya. Jogoo akipiga, chumba kizima kinaitika.

Kisha sauti zikaanza kukatika. Mara "ume—" halafu hakuna. Mara sauti yake mwenyewe inamrudia kama mtu anayemdhihaki. Alimwendea Mwavuli. Mwavuli akamwambia ni mvua. Jua lilipowaka wiki nzima, akamwambia ni jua.

Alfajiri iliyovunja kila kitu haikuwa na mvua wala upepo. Alisali, akakohoa, akapiga, na simu ikamjibu kwamba hakuna mtandao. Alitoka uani. Hakuna. Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainua mkono kama mtu anayetundika taa. Hakuna. Alitoka mpaka barabarani akiwa na shuka lake, akatembea mpaka penye kilima cha shule, akakuta watu wengine wawili wa laini ileile wakizungusha simu zao hewani.

"Pale nilihesabu," anasema. "Watu sabini wamelala kwa sababu yangu. Wamelala fofofo, wananiamini."

Wengi waliamshwa na jua, wakakimbia, wakakemewa, mambo yakaisha. Tanuri hakubahatika. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha matanuri, na matanuri yakiwa baridi hakuna mkate. Siku hiyo hospitali ilipelekewa mikate mchana. Meneja hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba kuanzia kesho atakuwa ghalani, kwenye magunia, kwa malipo ya ghalani.

Jioni yake Tanuri alisimama mlangoni kwa Mama Jogoo. Ndiyo kwanza waonane uso kwa uso. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Kumbe ndiye wewe," alisema.

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mimi nilikulipa wiki hii au sikukulipa?"

"Ulinilipa."

"Basi ulinipigia?"

"Sikukupigia. Mtandao ulikufa."

"Mtandao siujui mimi. Sikumlipa mtandao."

Mama mkwe alitaka kudakia maneno, Mama Jogoo akamzuia kwa mkono. Anasema kauli ile ilimkaa kifuani kwa sababu ilikuwa ya kweli. Yeye ndiye aliyechagua laini ya bei chee, na hasara ikamwangukia mtu aliyelala.

Kesho yake alikwenda kiwandani kumwona meneja, akamwambia kosa si la Tanuri. Meneja alimsikiliza akiwa amesimama, akasema amesikia, na tanuri tayari lina mtu. Ndivyo lilivyo mpaka leo.

"Wengine walinishauri niache kazi," anasema. "Eti nimeshatia watu hasara, nikae nyumbani nisubiri mabinti waniletee. Mimi? Nikae? Mkono wa kugonga si ninao?"

Alitafuta mpini wa fagio. Akaufunga kitambaa kwenye ncha ili usivunje vioo, na kwa kuwa mtandao sasa ulikuwa ukija na kuondoka upendavyo, alfajiri akashika njia kwa miguu. Wa mbali aliwaambia ukweli wamtafute mtu mwingine kwa muda. Wa karibu aliwaomba wamwelekeze dirisha. Dirisha hadi dirisha, kichochoro hadi kichochoro, akigonga na kuita kwa sauti ya chini, hatoki mpaka aone taa imewaka.

Mbwa walimjua baada ya siku chache. Binadamu walichelewa kidogo.

Mmoja wa wateja wake ni seremala. Alikuwa analipa kimya kimya bila kumwambia mkewe, kwa kuwa aliona aibu kwamba mtu mzima kama yeye anaamshwa. Alfajiri moja mpini uligonga dirishani, likafunguliwa na mke.

"Wewe ni nani?"

"Namwamsha baba, dada yangu."

"Unamwamsha baba! Mume wangu! Dirishani! Alfajiri!"

"Taratibu, watu wamelala."

"Wamelala, na wewe mjane unazunguka madirisha ya waume za watu na fimbo mkononi!"

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo, kila mmoja akiiongezea chumvi yake. Kwenye foleni ya maji, Mama Jogoo alipofika na ndoo, mazungumzo yalikatika. Mke wa seremala akaguna kwa nguvu kuliko alivyohitaji.

Aliyemjibu alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akiota jua, akainuka bila haraka, akasogea mpaka katikati ya foleni.

"Huyu ni mke wa mwanangu," alisema. "Mwanangu yuko kaburini na huyu bado ni mke wake, na mimi ndiye nalala naye chumba kimoja. Akitoka najua, akirudi najua. Nani mwingine hapa ana shahidi kama mimi?"

Akamgeukia aliyeguna.

"Na wewe mke wa seremala, mumeo ana mkoromo wa msumeno. Huyu anamtoa kitandani wewe ulale kwa amani. Ungempa asante."

Foleni iliangua kicheko. Mke wa seremala alijizuia, akashindwa, akacheka naye. Siku hizi ndiye anayelipia, na anadai mumewe aamshwe mapema zaidi.

Lakini pigo kubwa lilikuwa bado linakuja, na lilikuja kwa karatasi iliyobandikwa juu ya matangazo yaleyale ya nguzoni. Kampuni inafunga shughuli zake. Mteja anayetaka kubaki na namba yake aihamishie kwenye mtandao mwingine kabla ya mwezi kwisha, aje na kitambulisho na alama ya kidole. Namba zitakazobaki zitagawiwa watu wengine.

Kwa kazi hiyo kampuni ilikodi chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kumweka binti mmoja nyuma ya dawati. Mama Jogoo alipanda ngazi akiwa amevaa gauni lake la ibada. Binti alibonyeza, akasoma, akakunja uso.

"Mama, namba hii si yako."

"Si yangu vipi? Ndiyo niliyonayo mkononi. Ipigie uone itaitika wapi."

"Kitambulisho ni chako, ila kidole si chako. Kidole ni cha mwanamume."

"Huyo mwanamume anaamsha watu?"

"Sijui, mama. Mimi naona anayotoa mashine. Mwenye namba ni mwenye kidole. Chukua tu namba mpya, mbona hata leo unapata."

Wengi wangechukua. Namba ni tarakimu tu. Mama Jogoo alivuta kiti ambacho hakukaribishwa, akakaa.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Kuna watu hamsini wanaolala na simu zimezimwa mlio kwa dunia nzima isipokuwa namba hii. Hii namba ni mlango wa vyumba vyao. Ikilia, wanaamka, wanafanya inachowaambia, bado usingizi uko machoni. Leo unaniambia utampa mtu mwingine, simjui, humjui. Akiwapigia na kuwaambia tuma pesa, watatuma. Akiwaambia fungua mlango, wapo watakaofungua. Kisha watasema nani? Watasema Jogoo."

"Sasa mimi nitafanyaje, mama? Sina uwezo."

"Uwezo gani unatakiwa?"

"Aje mwenye kidole, akiri mbele yangu. Halafu wewe uweke chako."

"Basi atakuja," alisema, akashuka ngazi.

Kumpata Mwavuli ilikuwa shughuli. Mwavuli wenyewe ulikuwa umeshakunjwa. Mwenyewe alikuwa akiuza viatu vya mitumba upande mwingine wa soko, na akimwona mtu aliyemsajilia laini alikuwa na haraka ya ghafla. Mama Jogoo hakuwa peke yake. Wazee, wafua nguo, wachonga mawe, wapaka chokaa, kila mwenye kidole kilichochakazwa na kazi alikuwa amesajiliwa kwa kidole kile kimoja. Mwavuli alikuwa akilipwa kwa kila laini, na kidole kinachogoma kilimchelewesha.

Alimwendea mara mbili kwa maneno ya kistaarabu. Mara zote mbili Mwavuli alimwahidi kesho. Mara ya tatu hakumwendea sokoni. Aliuliza anapolala.

Dirisha la Mwavuli likawa kituo cha mwisho katika mzunguko wake wa alfajiri. Aligonga.

"Nani?"

"Mama Jogoo. Kumekucha, mwanangu. Twende ofisini."

"Mama! Saa hizi?"

"Ofisi haijafunguliwa, nakubali. Nataka tu uamke ukijua."

Alfajiri iliyofuata aligonga tena. Na iliyofuata. Hakumtukana hata mara moja, wala hakupaza sauti. Aligonga mpaka taa iwake, akasema maneno yaleyale, akaenda zake. Mwavuli alihamia chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma nacho kilikuwa na dirisha. Siku moja alilala kwa rafiki yake, na kumbe rafiki yake ni mteja.

"Mama, unaniua," alimwambia mwishowe, akitoa kichwa dirishani na macho mekundu. "Nafunga duka mchana nalala kwenye viatu. Unataka nini hasa?"

"Kidole."

"Wakinikamata je?"

"Nani akukamate? Binti wa pale juu anataka kwenda nyumbani mapema. Utaweka kidole, utasema hii si yangu ni ya huyu mama, basi. Nami nitakuacha ulale."

Walipanda ngazi za duka la rangi pamoja, yeye mbele, Mwavuli nyuma akipiga miayo. Mwavuli akaweka kidole, akakiri, mashine ikaitika kwa furaha. Ikafika zamu ya Mama Jogoo. Akaweka gumba.

Mashine ikakataa.

Binti akamtazama kwa huruma. Mwavuli akatazama sakafu. "Unaona, mama," alisema taratibu, "ndiyo maana mimi—"

"Nyamaza. Binti, hii mashine inataka gumba tu?"

"Inapokea chochote, mama. Mradi kisome."

Akaweka kinachofuata. Hapana. Cha kati. Hapana. Akamaliza mkono wa kulia wote, mkono ulioshika fagio na burashi maisha yake yote, hakuna hata kimoja. Akahamia kushoto. Gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Cha kati na cha pete, hapana. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hata akisugua sakafu hubaki kimeinuka pembeni kama mgeni, kikagusa kioo. Mashine ikalia mlio mfupi. Uso wake ukatokea kwenye skrini.

Hapo, wanasema waliokuwepo, ndipo Mama Jogoo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. Alimgeukia Mwavuli.

"Mungu kanipa vidole kumi. Wewe ukajaribu kimoja!"

Mwavuli alikunja kidole chake ndani ya kiganja. Alisema tu, "Samahani, mama," na safari hii haikuwa ya biashara.

Sasa namba iko kwenye mtandao mkubwa, kwa jina lake na kwa kidole chake. Simu si za bure tena. Amepunguza maneno alfajiri, na ameongeza kidogo anachotoza. Wateja kadhaa wameondoka, wakitafuta cha nafuu zaidi. Anawaelewa.

"Sisemi watu wasinunue cha bei rahisi," anasema, na kidole anakinyoosha kana kwamba kampuni nzima imeketi mbele yake. "Maskini ukimwambia asinunue rahisi, unataka anunue nini? Mimi nasema hivi: rahisi nayo iwe na mlango ambao mtu anaweza kuugonga. Kama ni mwavuli tu, siku ikinyesha kweli wanaukunja wanaondoka nao."

Tanuri alirudi kuwa mteja baada ya wiki kadhaa, bila kuitwa. Alipiga mwenyewe. "Niamshe tu, mama," alisema. "Hata gunia linahitaji mtu aliyeamka." Mama Jogoo hataki kumtoza. Tanuri hataki kuamshwa bure. Ugomvi huo unaendelea, na kila wiki mkate huletwa mlangoni na kila wiki hurudishwa nusu.

Mwezi bado haujaisha, na kabla haujaisha ana kazi moja anayotaka kuimaliza. Amepita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mtu aliyenunua laini chini ya ule mwavuli: ulipoweka kidole, kilisoma? Amewapata zaidi ya arobaini, mama mkwe wake akiwa mmojawapo, kumbe naye alinunua kimya kimya. Kila alfajiri, akimaliza wateja, anawaamsha watano, sita, wawahi foleni kabla ya kwenda vibaruani. Na Mwavuli anamwamsha pia, maana bila yeye hakuna kinachoanza. Huyo naye hamtozi.

"Nataka mwezi ukiisha," anasema, "kusiwe na mtu hata mmoja mtaani kwetu anayebeba namba ya mwenzake mfukoni akidhani ni yake. Hata mmoja."

Jumatatu hii walikaa kwenye ngazi za duka la rangi wakisubiri. Mama mkwe juu kabisa, kwenye kiti alichoazimwa na mwenye duka. Wafua nguo wawili, mchonga mawe mmoja, na Mwavuli akisinzia ukutani. Mlango umefungwa. Watu wanaanza kutazama jua na kunung'unika kuhusu kazi zao.

Binti wa dawati alitokea mwishowe, anahema, ufunguo mkononi. Mama Jogoo akainuka kumpisha.

"Habari za asubuhi, mwanangu. Hapa mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, mama."

"Na sasa?"

Binti akatazama simu yake. "Saa tatu kasoro. Samahani, nililala kidogo."

"Kesho tunakuja kumi na wawili, na wote ni watu wa kazi." Mama Jogoo alikuwa ameshatoa simu yake ya vibonyezo. "Nitajie namba yako."

"Ya nini, mama?"

"Wewe nitajie tu. Wiki ya kwanza sikutozi."